Moto Huzaa Nini

Moto huzaa majivu, alisema Nyaboke pale bombani,
akiinua mtungi wake bila kunitazama.
Nilijua jiwe ni langu, langu na la mwanangu Musembi
aliye rumande tangu Juni
kwa pikipiki ambayo anasema hakuiiba,
na mimi, Mungu anisamehe,
kuna siku namwamini na kuna siku simwamini.

Sikumjibu. Nilikuwa na maharagwe jikoni.

Tawi lake lilikaa nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu
tangu Jumapili ya Matawi mwaka jana.
Alilisuka msalaba akiwa ameketi juu ya ndoo,
mdomo umejaa chapati,
akicheka urefu wa mahubiri.
Lilikauka likawa rangi ya chai ya maziwa.
Mende wakalila ncha moja.
Kisha katekista Wanyonyi akapita nyumba hadi nyumba na gunia:
leteni matawi ya mwaka jana tuyachome, Kwaresima imefika.
Nililishika mkononi hadi akapita milango mitatu,
halafu nikamkimbilia.

Ingekuwa rahisi kusema nililitoa kwa imani.
Nililitoa kwa sababu nilichoka kulitazama.

Leo alfajiri, Kariobangi bado ina giza,
tulipanga foleni kama watu wa maji.
Padre akachovya kidole gumba.
Kumbuka u mavumbi, akasema, na mavumbini utarudi,
akanichora pajini msalaba mzito, umepinda upande,
chembe moja ikaniangukia kwenye kope.
Nikawaza: katika gunia zima la matawi ya mtaa
nani ajuaye ni tawi la nani lililonigusa?

Kwenye lango la Viwandani askari alipasua mkate wangu
kutafuta sijui nini ndani yake.
Mama, una uchafu usoni, akasema, akaninyooshea karatasi.
Nikamwambia: huu nimeuomba.
Akatazama saa. Dakika tano, akasema.

Musembi akatokea nyuma ya wavu,
shingo imekonda, kichwa kimenyolewa,
na pajini, juu kidogo ya kovu la utotoni,
doa jeusi sawa na langu.
Padre wa magereza alikuja saa kumi na mbili, akasema.
Tulikuwa zaidi ya mia mbili, mama. Hata mkuu wa zamu alipakwa.
Hakuinama sana, lakini alipakwa.

Tukatazamana
kama watu wawili waliotoka kuzima moto mmoja.

Tarehe ya kesi? akauliza.
Jumanne baada ya Pasaka.
Akahesabu siku kwa vidole, akaishiwa vidole,
akaanza tena kwenye kidole kile kile gumba,
na kengele ikalia kabla hajafika.

Sasa ni usiku. Githeri imeisha.
Sufuria nimeisugua kwa jivu,
maana sabuni haiyawezi masizi haya.
Mahindi ya mbegu aliyonitumia dada yangu kutoka Mwingi
nimeyachanganya na jivu, fukusi wasiyaguse
hadi mvua inyeshe nikapande kile kipande kando ya mto
ambacho kanjo bado hawajakiona.
Paji langu sijaliosha. Mto utachafuka, na uchafuke.

Mwisho, kama mama yangu alivyofanya maisha yake yote,
sizimi makaa.
Nayasogeza pamoja, matatu, manne, yaliyo mekundu bado,
nayafunika jivu hadi yasionekane.
Mtu akiingia saa hii ataona jiko limekufa.
Ataweka mkono juu yake na kuuondoa haraka.

Nyaboke, jirani yangu, wewe hununua kiberiti kila siku.
Kesho saa kumi alfajiri njoo na kigae chako.
Nitapiga magoti, nitapuliza.
Usisimame karibu sana,
jivu litakurukia usoni.